Bodi Gani kwa Kazi Gani? Mwongozo kwa Mwenye Nyumba na Fundi

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya mafundi seremala, wanafunzi na wakaazi katika kituo kimoja cha mafunzo ya ufundi cha kaunti. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria.

    

Nianze kwa kukiri. Mimi si seremala. Nilisomea uandishi wa habari, na kifaa ninachokijua vizuri ni kalamu. Lakini miaka michache iliyopita nilimtengenezea mama yangu kabati za jikoni. Niliziona dukani zimepakwa rangi nzuri nyeupe, bei ilikuwa nafuu, nikalipa. Mama alifurahi, majirani wakaja kutazama. Kisha bomba la chini ya sinki likaanza kudondosha maji, tone moja moja, wala hatukujua. Mwaka haukuisha. Mbao za chini zilivimba kama mandazi, bawaba zikang'oka na mlango ukamwangukia mama mguuni. Fundi aliyekuja kuangalia alivunja kipande kwa vidole, akanionyesha unga unga, akaniuliza, "Kijana, ulijua unanunua nini?" Sikujua. Nilijua rangi tu.

Tangu siku hiyo, kila ninapokwenda karakana kuandika habari, huuliza maswali. Ninayowaambia leo ni yale niliyofundishwa na mafundi, na mengine niliyosoma ili kuyathibitisha.

KWA NINI SUALA HILI LINATUHUSU

Wazee wetu hapa pwani hawakuhitaji mazungumzo kama haya. Mlango ulikuwa wa mbambakofi, au wa mvule ulioletwa kutoka bara, na mjukuu aliurithi. Leo mbao za aina hiyo ni adimu na ghali. Hata mbao za saiprasi na paini zimekuwa shida kupatikana kwa bei ya zamani, hasa baada ya serikali ya kitaifa kusimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018. Watu wengi wakahamia bodi za kiwandani: plaiwudi, blokubodi, MDF na chipubodi. Si jambo baya. Bodi hutumia miti midogo na mabaki ambayo zamani yangetupwa, huja zikiwa zimenyooka, na ni pana kuliko ubao wowote wa mti mmoja.

Tatizo ni kwamba zikishapakwa rangi au kubandikwa vinia, zote hufanana. Mteja anaona rangi, muuzaji anaona bei, na maji hayaoni lolote kati ya hayo. Maji yanaona gundi.

Kuna na sababu ya pili. Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti. Kaunti hununua meza, viti na kabati. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inatenga asilimia 30 ya kandarasi kwa vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu. Baadhi yenu mnaonisikiliza mtaomba kazi hizo. Vifaa vikifika, kamati ya ukaguzi na upokeaji huvilinganisha na maelezo ya zabuni. Kama zabuni ilisema blokubodi ya milimita 18 na wewe umeleta chipubodi ya 16, kazi inarudi kwako pamoja na deni la hadiwea. Sipendi kuandika habari ya kijana aliyefilisika kwa kandarasi yake ya kwanza.

BODI NNE UTAKAZOZIKUTA DUKANI

Kwanza, chipubodi. Hii ni vipande vidogo vya mbao vilivyochanganywa na gundi, vikakandamizwa kwa joto. Kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini. Mara nyingi huja imefunikwa kwa melamini nyeupe au yenye sura ya mbao. Uso huo wa melamini hauogopi maji, unapanguswa kwa kitambaa. Hatari iko kwenye kingo zilizokatwa. Maji yakiingia hapo bodi huvimba, na hata ikikauka hairudi ilivyokuwa. Skrubu nayo haishiki vizuri ubavuni, na ukiifungua na kuikaza mara mbili tatu tundu limelegea. Chipubodi inafaa meza ya ofisini, rafu ndogo na kabati la nguo katika chumba kikavu ambalo halitahamishwa hamishwa. Kwa mpangaji anayehama kila mwaka, si rafiki.

Pili, MDF. Hapa mbao zimesagwa mpaka zikawa nyuzi laini, zikachanganywa na gundi na kukandamizwa. Haina fundo wala nyuzi za kuelekea upande mmoja. Ukichonga kwa mashine, ukingo unatoka laini, na rangi inakaa juu yake kuliko bodi nyingine yoyote. Ndiyo maana milango ya kabati yenye nakshi hutengenezwa kwa MDF. Lakini ni nzito. Bodi nzima ya milimita 18 hufika karibu kilo 40. Mlango mkubwa wa MDF unahitaji bawaba za kutosha, la sivyo utaning'inia. MDF ya kawaida ikilowa nayo huvimba. Ipo aina inayostahimili unyevu, na mara nyingi ndani imetiwa rangi ya kijani. Sikilizeni neno hilo: inastahimili unyevu. Haistahimili kukaa majini. Na rangi ya kijani peke yake si cheti, kwa hiyo ulizia maandishi ya kiwanda.

Tatu, blokubodi. Ndani yake kuna vipande vya mbao halisi vilivyopangwa sambamba kama reli, juu na chini vimefunikwa kwa karatasi nyembamba za mbao ambazo tunaziita vinia. Ni nyepesi kuliko MDF, inashika skrubu vizuri, na haipindi upesi. Mafundi wengi wa Kenya huipendelea kwa vitanda, milango ya kabati na rafu ndefu. Kuna siri moja hapa: nguvu yake iko upande wa urefu wa vile vipande vya ndani. Ukikata rafu ili vipande vile vilale kwa upana, umeupoteza uimara uliolipia. Na kabla ya kununua, tazama ubavu wa bodi. Ukiona mianya mikubwa kati ya vipande, skrubu yako inaweza kuangukia pengo.

Nne, plaiwudi. Ni karatasi za mbao zilizogandishwa moja juu ya nyingine, nyuzi za moja zikikatisha nyuzi za inayofuata. Kwa kawaida idadi ya tabaka ni witiri: 3, 5, 7 na kuendelea, ili uso wa juu na wa chini uvutane sawa na bodi isijikunje. Kukatisha huko ndiko kunakoipa nguvu pande zote mbili na kuizuia isipasuke. Hesabu tabaka ubavuni. Bodi mbili za milimita 18, moja ikiwa na tabaka nyingi nyembamba na nyingine chache nene, si bodi moja, hata kama bei imeandikwa sawa.

MKANGANYIKO WA NENO "MARINI"

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana pesa nyingi zimepotea.

Ukienda hadiwea nyingi ukaomba marini, utapewa bodi yenye uso wa kahawia au mweusi unaong'aa. Hiyo ni plaiwudi ya kumwagia zege. Imefunikwa kwa utando ili saruji isinate na bodi itumike tena katika slabu nyingine. Ni bodi nzuri kwa kazi yake. Plaiwudi ya baharini kwa maana kamili ni kitu kingine: ile inayofuata kiwango kama BS 1088 cha Uingereza, ambapo gundi haiachii kwa maji na tabaka za ndani hazina mianya. Inayouzwa kwa ujenzi haikuahidi hayo. Ndani inaweza kuwa na nafasi, na ukishaikata, ukingo wake uko wazi.

Kwa hiyo, ndugu zangu wavuvi, bodi ya zege si ya kuzibia chombo kinachokwenda bahari kuu. Na mama anayetaka kabati la chini ya sinki, akiamua kuitumia, ni lazima kila ukingo na kila tundu la bomba lizibwe. Jina haliizuii bodi kuoza.

Namna ya kujua gundi ni rahisi. Tazama ubavu. Mistari ya gundi ya kuvumilia maji, ile ya fenoli, kwa kawaida ni ya rangi nyeusi au kahawia iliyokoza. Gundi ya kawaida ya yurea ni nyeupe au haionekani. Rangi ni dalili tu, kwa hiyo omba kipande kilichobaki, kitie katika mkebe mkuukuu wenye maji yanayochemka, kiache saa moja. Usitumie sufuria ya chakula. Kikitoka kimeanza kuachana tabaka, umepata jibu lako kabla ya kutoa pesa.

VIPIMO: HESABU INAYOOKOA PESA

Bodi nyingi zetu ni futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Kumbukeni 1220. Ukitengeneza kabati la nguo lenye kina cha sentimita 60, bodi moja inakupa vipande viwili vya 60 kwa upana, na sentimita mbili zinabaki kwa ajili ya njia ya msumeno. Ukisema kabati liwe na kina cha sentimita 65, unapata kipande kimoja tu na mabaki yasiyotosha upande wa pili. Sentimita tano zimekugharimu karibu nusu ya bodi. Chora kwanza kwenye karatasi, kisha ndiyo uende dukani.

Jambo la pili ni unene. Bodi ya milimita 18 dhidi ya 12: unene umeongezeka mara moja na nusu, lakini ugumu wa kutopinda umeongezeka zaidi ya mara tatu. Urefu nao hufanya kinyume. Mzigo ule ule, ukiongeza nafasi kati ya nguzo mara mbili, rafu hupinda mara nane. Ndiyo maana rafu ya vitabu ya chipubodi au MDF ya milimita 18 isizidi takriban sentimita 60 bila mhimili. Mkiona rafu ya darasani imekaa kama machela, msilaumu vitabu.

Jambo la tatu ni uaminifu wa kipimo. Bodi moja ukiipima kwa rula ya kawaida ni vigumu kutofautisha 16 na 18. Lakini dukani bodi hupangwa moja juu ya nyingine. Hesabu kumi, pima kimo. Kumi za milimita 18 zinatakiwa kukaribia sentimita 18. Ukikuta 16, unauziwa bodi ya 16 kwa bei ya 18. Usigombane. Uliza kwa upole, omba bei ya haki, na kama huridhiki, chukua risiti uende kwa maafisa wa biashara na vipimo wa kaunti. Kusimamia biashara ya haki ni mojawapo ya majukumu ya kaunti, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa na maelezo ya kutosha kuihusu. Angalia pia alama ya ubora ya KEBS. Ikiwa na nambari ya kibali, tuma ujumbe wa SM# ukifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023 ili uone kama ni halali.

AFYA: GUNDI NA VUMBI

Bodi nyingi kati ya hizi zimeshikwa na gundi zenye formaldehidi. Ni ile hewa inayowasha macho ukifungua kabati jipya. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka formaldehidi katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mnamo 2004. Vumbi la mbao lilikuwa limewekwa katika kundi hilo hilo tangu 1995. Sisemi haya ili mtupe kabati zenu. Ninasema ili mfanye mambo manne.

Mnunuzi, uliza bodi ya daraja la E1, ambayo hutoa hewa hiyo kidogo kuliko E2. Kabati likiwa jipya, fungua madirisha, na usilijaze chumba cha mtoto mchanga bodi mbichi. Ziba kingo zote kwa rangi au utepe, maana hewa hutokea hapo kama vile maji yanavyoingilia hapo.

Fundi, MDF ikatie nje au penye upepo, na vaa barakoa ya vumbi inayobana usoni. Leso mdomoni haitoshi. Vumbi la MDF ni jembamba sana, linashuka mpaka ndani ya mapafu.

Mama zangu, hili nawaomba sana. Vipande vinavyobaki karakana msivichukue kupikia. Najua kuni na makaa ni ghali. Lakini kipande cha chipubodi, MDF au kilichofunikwa melamini kikiungua kinatoa moshi wa gundi, na moshi huo unaingia katika chakula na katika kifua cha mtoto uliyembeba mgongoni. Chukueni vipande vya mbao halisi, vya bodi viacheni.

Na wafugaji, unga wa MDF na chipubodi usitandazwe katika banda la vifaranga. Omba unga wa mbao halisi ambazo hazikutiwa dawa.

BASI NICHAGUE IPI?

Hakuna bodi bora kuliko zote. Ipo inayofaa kazi yako. Mafundi walinifundisha kujiuliza maswali manne, kwa mpangilio huu.

Je, itakutana na maji? Kama ndiyo, chipubodi imetoka. Chini ya sinki, tumia plaiwudi yenye gundi ya kuvumilia maji, ziba kingo, na inua kabati kwa miguu ya sentimita 10 ili maji ya kudeki yapite chini. Sisi wa pwani tuongeze jingine: hewa ya chumvi hula chuma. Tumia skrubu na bawaba zisizoshika kutu. Nimeona bodi nzima iliyoachwa na skrubu zake.

Je, itabeba mzigo? Kitanda, rafu ndefu, meza ya watoto wa chekechea wanaopanda juu yake: blokubodi au plaiwudi.

Je, itapakwa rangi au kuchongwa nakshi? MDF, mahali pakavu.

Je, itahamishwa au kufunguliwa? Plaiwudi na blokubodi zinavumilia. Chipubodi haitavumilia.

Sio lazima kabati lote liwe la bodi moja. Hapa ndipo fundi mzuri anapokuokolea pesa. Mwili wa kabati unaweza kuwa wa plaiwudi au blokubodi, milango ya MDF iliyopakwa rangi, na mgongo wa plaiwudi nyembamba ya milimita 3 au 6. Unalipia nguvu pale penye kazi ya nguvu tu.

Tahadhari moja zaidi: mchwa. Bodi zote nne ni mti, na mchwa hasomi lebo. Tibu sakafu na ukuta kwanza, acha nafasi kidogo kati ya kabati na ukuta, na angalia nyuma yake kila baada ya muda.

Mwisho, andikianeni. Mteja na fundi waandike karatasi moja: aina ya bodi, unene, gundi, aina ya bawaba, na nani analeta vifaa. Siku hizi wengi hupatana kwa simu, "Fundi, nifanyie kabati zuri." Neno zuri halina milimita. Nusu ya ugomvi ninaousikia kati ya mafundi na wateja ungeisha kwa karatasi hiyo moja.

Mtaniuliza kabati za mama ziliishia wapi. Tulizitoa. Fundi yule yule aliyeniuliza swali alitengeneza nyingine: mwili wa plaiwudi, milango ya MDF, kingo zimezibwa, miguu imeinuliwa. Zilinigharimu zaidi ya zile za kwanza, na ukijumlisha zote mbili nimelipa mara mbili kwa jiko moja. Bomba lilidondosha tena msimu uliopita wa mvua. Mama aliweka ndoo, akamwita fundi wa bomba, akaendelea kupika.

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Mimi ilivunja kabati. Nawatakia ninyi mnunue mara moja.

 Sasa niko tayari kwa maswali, na yale yatakayonishinda, walimu wa kituo hiki wako hapa.